Ngano ya Kushikisha

Mama muuza vitumbua hakunidanganya. Naanza na hilo kwa sababu kwa siku tatu nilizojikunja kitandani, kwenye chumba nilichopanga Chumbageni, nilimdhania vibaya, na dhana ile bado inaniuma.

Ilikuwa Januari 2023, wiki yangu ya pili Tanga. Nilimkuta asubuhi Ngamiani, kando ya barabara, moshi wa mkaa unamzunguka na watoto waliotumwa na mabakuli wamepanga foleni. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, hivi vitumbua ni vya mchele mtupu?" Akajibu, "Mchele mtupu, mwanangu, na tui la nazi." Nikanunua vitano, shilingi 200 kila kimoja. Vitatu nikavila palepale nimesimama, vya moto, kingo zimekauka na kati laini, hiliki inanukia. Viwili nikavifunga nikaenda navyo kazini. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata kifungua kinywa bila kuhangaika, jambo ambalo kwangu halitokei kila siku.

Alasiri tumbo likaanza kujaa. Usiku nikawa mtu wa kitandani na chooni, chooni na kitandani. Kesho yake viungo vyote vinauma, kichwa kizito, na mdomoni vidonda vimeanza kuchipua. Hali hiyo naijua kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimekula ngano.

Nina ugonjwa wa siliaki. Watu wengi huniambia, "Aa, una aleji," nami kwa miaka nimeitikia ili nisirefushe mazungumzo, lakini si aleji. Ni kinga ya mwili iliyokosea adui. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini iitwayo gluteni. Mtu mwenye siliaki akiila, kinga yake inaushambulia utumbo wake mwenyewe mdogo, na vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vinasinyaa na kulala. Unakula, lakini mwili haupati. Kabla halijajulikana tatizo langu nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na muda wote huo damu yangu ilikuwa chini hata nimeze vidonge vya kuongeza damu chupa ngapi. Mwaka 2018 daktari mmoja akaweka kalamu chini, akaniambia, "Nitajie kila ulichokula jana, tangu ulipoamka." Nikamtajia: mahamri, chapati, viazi karai, tambi. Akanipeleka kupimwa damu, kisha nikaingizwa kamera mdomoni mpaka utumbo mdogo na kukatwa kipande kidogo cha kuchunguzwa. Majibu yalipotoka aliniambia kwamba dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuiacha gluteni maisha yote, hata chembe.

Nyumbani Mombasa maisha yalikuwa yamekwisha kujipanga. Mama yangu alinitengea rafu jikoni, sufuria zangu, kikaango changu, chekeche langu. Kwa hiyo kampuni iliponiambia niende Tanga miezi minane, kufunga programu ya hesabu za maghala na kuwafundisha makarani kuitumia, sikuogopa sana. Unavuka mpaka Lunga Lunga, unagonga muhuri Horohoro, na kilomita 65 mbele umeingia mjini. Bahari ileile, minazi ileile, Kiswahili kilekile. Nilijaza begi moja biskuti na tambi za maboksi zilizoandikwa kwamba hazina gluteni, nikasema zikiisha nitaagiza nyingine. Kosa langu la kwanza ni kudhani kwamba kwa kuwa lugha naijua, basi na chakula nakijua.

Siku ya nne nilirudi kwa mama wa vitumbua. Sikuficha moyoni, nilikwenda kumlaumu. Akaniwahi yeye: "Mwanangu, mbona umepotea? Nilikuwekea." Nikamwambia niliumwa tumbo. Akanipa pole ya kweli, akavuta kigoda, akanimiminia maji ya kunawa. Ulimi wangu ukakosa nguvu ya kulaumu. Badala yake nikasema, "Mama, hebu nifundishe. Vitumbua vyako unavipikaje?"

Uso wake ulifunguka. Alinieleza tangu mwanzo, huku mikono inageuza vitumbua kwa kijiti. Mchele analoweka usiku kucha. Asubuhi anausaga na tui zito. Anatia sukari, hiliki na hamira, anaufunika mpaka uumuke. "Halafu," akasema, "natia ngano kiganja kimoja, ya kushikisha. Mchele wa siku hizi haushiki, ukigeuza unakuvunjikia."

"Lakini juzi uliniambia mchele mtupu."

Akanitazama, hakuelewa kosa liko wapi. "Si mchele mtupu huu? Hiyo ngano ni ya kushikisha tu."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Kwake yeye kitumbua ni mchele. Ngano ile haikuwa chakula ndani ya kitumbua. Ilikuwa kazi inayofanywa na mpishi, kama kukoroga au kupuliza moto. Nani akiulizwa kitumbua chake cha nini hujibu "cha hamira"? Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Nilimuuliza kitu chake ni nini, naye akanijibu kweli tupu. Nilichopaswa kuuliza ni anakipikaje.

Tangu siku ile sikuuliza tena "kina ngano?" Nilikuwa nakaa, naamkia, naomba nielezwe upishi. Watu wa Tanga hawana uchoyo wa maelezo. Mpishi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa. Na humo ndani ya maelezo, mahali ambapo mwenyewe hata hapatilii maanani, ndipo ngano ilipokuwa ikijificha. Samaki wa kukaanga kwa mama ntilie karibu na ofisi alikuwa nguru safi aliyetoka baharini asubuhi, "ila nampaka unga kidogo asishike chini." Bajia za kunde zilikuwa kunde tupu, zimelowekwa na kumenywa na kutwangwa, "na ngano kijiko ili zisitawanyike kwenye mafuta." Kachori ilikuwa viazi, lakini imetumbukizwa kwenye uji wa ngano kabla ya kukaangwa. Mishkaki ilikuwa nyama, iliyolala usiku kucha katika soya sosi, na soya sosi nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano. Urojo wenyewe, ule uzito wake wa manjano ninaoupenda, mara nyingi ni unga wa ngano uliokorogwa. Kushikisha, kupaka, kuzitisha, kunyunyizia: hayo ndiyo maneno niliyojifunza kuyasikiliza.

Na mafuta. Hili ni gumu kulieleza kuliko yote. Chipsi ni viazi, kila mtu anajua, lakini karai linalokaanga chipsi jioni ndilo lililokaanga sambusa na maandazi mchana. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu kitu kiitwe hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 katika kilo nzima. Miligramu 20 ni kama uzito wa punje moja ya mchele. Nilikuwa nikichukua punje moja naiweka kiganjani mwa mtu, namwambia, "Katika kilo nzima ya chakula, gluteni ikizidi hii, utumbo wangu unaweza kuumia." Mtu akiitazama ile punje, halafu akalitazama karai lake, ananielewa bila mimi kuongeza neno.

Ofisini taabu ilikuwa nyingine, nayo ilitokana na lugha. Siku za mwanzo nilitangaza kwamba sili mkate. Vijana wa ofisini, kwa wema wao, wakaambizana, "Dada hali mkate, mchukulieni chapati." Kwao mkate ni bofulo la dukani, chapati ni chapati. Halafu siku karani mmoja alipoleta mkate wa kumimina aliopika mama yake, mchele, nazi na hamira, sinia zima linang'aa, wakanipitisha: "Huyu hali mkate." Mkate wa kumimina ndio ule tunaouita mkate wa sinia kwetu Mombasa, na ni katika vitu vichache vya sherehe ninavyoweza kuvila nikiwa najua umepikwaje. Niliutazama ukizunguka meza mpaka ukaisha. Baada ya hapo nikaacha neno mkate. Nikawa natamka vitu kwa majina yake: chapati, maandazi, sambusa, tambi, kaimati, visheti, biskuti, keki, bofulo, mkate wa ajemi, bokoboko. Inachosha, lakini neno moja la jumla halikunisaidia hata mara moja.

Na dengu! Kwetu Kenya ukisema ndengu watu wengi wanaelewa zile za kijani ambazo Tanga wanaziita choroko. Dukani nikaomba unga wa ndengu, muuzaji akanipa unga wa dengu wa manjano, na kwa bahati njema huo ndio niliokuwa nautaka kwa bajia zangu mwenyewe. Lakini nilitoka dukani nikiwa na hofu ya mtu anayenunua bila uhakika, na hofu hiyo ilinifanya niwe naomba kuona, kushika na kunusa, kabla ya kulipa.

Aliyenifungulia Tanga hasa ni mwenye nyumba wangu. Nilimwita Bi Mkubwa, kama walivyomwita wajukuu wake. Yeye alikaa mbele, mimi chumba cha uani, na ua ule ulikuwa jiko letu sote. Mwezi wa kwanza tulivutana. Kila jioni aliniletea sahani, na kila jioni nilikuwa narudisha chapati. Kurudisha chakula cha mtu mzima, pwani, ni neno zito. "Onja tu, mwanangu," alikuwa akisema. "Kidogo hakidhuru." Mimi nikimjibu kwa habari za protini na kinga ya mwili, naye ananisikiliza kwa adabu, na kesho yake chapati inarudi imekatwa nusu.

Jioni moja, umeme umekatika, nikamsimulia kisa nilichosimuliwa na daktari wangu. Nilimwambia Uholanzi palikuwa na daktari wa watoto, Willem Dicke. Alikuwa na watoto wanaodhoofu, matumbo yamevimba, wanaharisha hawaponi, naye alikwisha kuanza kuushuku mkate. Vita vikawakuta. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 nchi ile ikapigwa na njaa, mkate ukawa haupatikani, watu wakafa. Lakini watoto wale wagonjwa, ambao ndio ungedhani watatangulia, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuugua tena. Mwaka 1950 daktari yule akaandika tasnifu yake kuhusu jambo hilo.

Bi Mkubwa alinyamaza kitambo. "Yaani," akasema, "njaa ndiyo iliyowaponya."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Basi hilo si jambo la kuonja. Huo ni mwiko." Akaniambia kwamba kwao, upande wa baba yake, hawali samaki aitwaye taa, na tangu azaliwe hajaambiwa na mtu "onja kidogo". Mwiko hauna kidogo.

Neno hilo lilinifanyia kazi ambayo maelezo yangu yote ya kitaalamu hayakuifanya. Nikisema nina aleji, watu wananitafuta vipele mwilini. Nikisema sili ngano, wanadhani najipunguza unene. Nikisema "ngano kwangu ni mwiko," sahani inaondolewa kimya na inaletwa nyingine. Nilisita kulitumia, kwa sababu sikutaka mtu adhani nimepewa masharti na mganga. Mwishowe nikaona mwiko ni kitu usichokila kwa kuwa kinakuangamiza, na hilo ni kweli tupu juu yangu. Kwa hiyo jikoni nasema mwiko, hospitali nasema siliaki, na anayetaka kujua zaidi namsimulia.

Kesho yake asubuhi Bi Mkubwa alichukua ule mwiko wangu wa mti, niliokuja nao kutoka Mombasa kwa sababu mti hufyonza na hauoshiki ukatakata kabisa, akaufunga uzi mwekundu kwenye mpini, akautundika kwenye msumari wa peke yake. Wajukuu wakaambiwa: "Huu ni mwiko wa dada yenu, na ni mwiko kuugusa." Watoto walipenda sana maneno hayo, wakawa wanayaimba.

Kisha akaanza kunilisha. Nilikuwa nimeshughulika na maboksi yangu ya tambi za gharama, wakati chakula changu kilikuwa kimejaa ua mzima. Bada, kwa mfano. Mombasa nilikuwa nimekula ugali wa muhogo mara chache sana, na sikuujali. Tanga nimeula kwa mchuzi wa pweza wa nazi, nimeula kwa kisamvu, nimeula kwa samaki chukuchuku wenye ndimu na pilipili, na sasa nikiukosa wiki mbili nauwaza. Una uvutano fulani mkononi ambao sima ya mahindi haina. Mtu aliyenyang'anywa chapati anaelewa thamani ya uvutano huo. Asubuhi ilikuwa muhogo wa kuchemsha, magimbi, viazi vitamu, au vibibi vya mchele vyembamba vyenye nazi ambavyo Bi Mkubwa alinipikia katika kikaango changu. Samaki tulifuata sokoni Deep Sea, mapema, kabla bei haijapanda. Nilipopimwa damu mwezi wa tano ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuwa tangu niugue, na naamini ni kisamvu, mchunga na dagaa wa kila siku, pamoja na utumbo uliopata nafasi ya kupumzika.

Unga wa kutengenezea bada ulinipa somo lake. Nilikwenda mashineni na makopa yangu, muhogo uliokaushwa, nikafuata kanuni yangu, lakini nikaifuata nusu. Nilimuuliza kijana wa mashine, "Kaka, hapa mnasaga ngano?" Akasema, "Hapana dada, ngano inakuja na mifuko kutoka kiwandani, nani asage?" Nilikuwa nimekwisha kumpa ndoo, nikajikumbuka. Nikauliza tena: "Leo tangu umefungua umesaga nini na nini?" Akahesabu kwa vidole: mahindi, mahindi, mtama, lishe ya akina mama wa kliniki. Lishe ina nini? "Mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano kidogo." Nikaichukua ndoo yangu. Hakukasirika, alishangaa tu, kisha akawa ndiye anayenielekeza ni mashine ipi upande wa Pongwe isiyosaga chochote ila mahindi. Makopa tukayatwanga nyumbani kwenye kinu, mimi na wajukuu wakubwa wawili, na kuchekecha kwa chekeche langu. Viganja vyangu vya mtu wa kompyuta viliota malengelenge. Bi Mkubwa aliyapaka mafuta ya nazi.

Kwa safari za kazi za Muheza na Korogwe, ambako ningelala hotelini bila mtu anayenijua, niliandika kadi, nikaipigisha chapa na kuipaka plastiki. Naiweka hapa kama ilivyo, maana imepitia mikono ya wapishi wengi, na kila aliyenisahihisha nilimsikiliza:

"Shikamoo mpishi. Nina ugonjwa wa tumbo ambao ngano, shayiri na rai kwangu ni sumu, hata kidogo sana. Siwezi kula chapati, maandazi, sambusa, tambi, biskuti, wala kitu chochote kilichoshikishwa, kilichopakwa au kuzitishwa kwa unga wa ngano. Naweza kula wali, ugali, muhogo, ndizi, viazi, maharage, mboga, mayai, samaki na nyama vilivyochemshwa au kuchomwa bila soya sosi na bila viungo vya paketi. Naomba sufuria iliyooshwa, mwiko safi, na mafuta ambayo hayajakaanga kitu kingine. Tafadhali niite nikuone unavyopika. Ahsante sana kwa kunitunza."

Lile sentensi la mwisho kabisa ndilo lililobadilisha mengi. Mpishi mmoja Korogwe aliniambia hajawahi kuandikiwa ahsante kabla hajapika. Na pale kadi iliposhindikana, kulikuwa na mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, madafu, na machungwa ya Muheza, ambayo nimeyala mpaka nikawa nayajua kwa ngozi.

Ramadhani ilikuwa ngumu, na sitaipamba. Mwaka ule iliingia mwishoni mwa Machi. Kila siku mwaliko, na kila futari mezani kuna kaimati, tambi za sukari, sambusa, na bokoboko inayotoa mvuke, ngano na nyama vilivyopondwa mpaka vikawa kitu kimoja. Mtu ameshinda na njaa mchana kutwa, harufu zile zimemzunguka, na mwenyeji anamsukumia sahani kwa mapenzi. Nilikuwa nafunga na kufungua kwa tende na maji, kisha naenda moja kwa moja kwenye bakuli la magimbi na muhogo wa nazi. Siku moja nikajiamini kwenye uji. Uji wa mchele wenye pilipili manga, niliuona mwenyewe ukichemka. Sikuuliza umekorogwa na mwiko upi. Siku mbili sikufunga. Nililia usiku ule, si kwa maumivu tu. Nililia kwa kuchoka kuwa mgeni anayekagua sufuria za watu katika mwezi wa kushukuru. Baada ya hapo Bi Mkubwa alikuwa ananitangulizia kibakuli changu popote tulipoalikwa, kimefungwa kwenye kitambaa, na kukiweka mbele yangu mwenyewe kabla mtu hajauliza. Mtu mzima akishaweka kitu, hakuna anayekihoji.

Vitumbua sikuvisahau. Nilimuuliza Bi Mkubwa: zamani, kabla unga wa ngano haujawa kitu cha kila duka, vitumbua vilishikishwa na nini? Akasema marehemu mama yake alikuwa akitia wali uliobaki jana, anausaga pamoja na mchele mbichi. Nikaipeleka habari hiyo Ngamiani. Mama wa vitumbua akapiga paja: "Ndivyo alivyofanya bibi yangu! Nimeacha kwa uvivu tu, wali unabaki kwa nani siku hizi?" Nilinunua chuma changu cha vitumbua Mgandini, kipya, na kijiti changu. Tukapatana kuwa Jumamosi, akimaliza kuswali alfajiri, kabla hajafungua mfuko wa ngano, anasaga wangu kwanza na kupika kwenye chuma changu. Jumamosi ya kwanza vilivunjika, tui lilikuwa jingi. Ya pili vilishika. Alivigeuza kimoja kimoja akivihesabu kwa sauti, na alipofika cha saba akanitazama bila kusema kitu. Nilikula vinane.

Mwezi wa saba alinitumia salamu nipite jioni. Pale kwake nilimkuta mama mmoja kijana, jirani, na binti wa miaka kama minne mwenye mikono myembamba na tumbo lililotangulia mbele. Nilipomwona yule mtoto nilikaa chini. Mama wa vitumbua akasema, "Huyu anaharisha mwezi wa sita huu. Dawa za minyoo amepewa, za amiba amepewa. Nimemwambia mwenzangu aachane na ngano tuone."

Hapo ilinibidi niseme neno ambalo halikunipendeza mwenyewe. Nilimwambia yule mama asimwachishe ngano kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya gluteni, na kamera inatafuta jeraha; ukiiondoa ngano wiki kadhaa kabla, askari wanapungua, jeraha linaanza kupona, majibu yanatoka safi, na ugonjwa unabaki bila jina. Nikamwambia pia kwamba sijui kama ni siliaki. Kuharisha kwa mtoto kuna sababu nyingi, na nyingine zinahitaji tiba haraka. Aende hospitali, ataje kila mtoto anachokula tangu asubuhi, na alitamke jina la ugonjwa huu yeye mwenyewe, aombe upimwe.

"Yaani niendelee kumpa?" aliniuliza. Machozi yalikuwa karibu. "Ninachodhani kinamdhuru, niendelee kumpa kwa mkono wangu?"

Nikamwambia ndiyo, mpaka damu ichukuliwe, na akienda afanye haraka. Sijawahi kumwambia mtu jambo gumu kama lile. Alikwenda wiki ileile. Sampuli ikabidi isafirishwe, wakaambiwa wasubiri.

Nilimaliza kazi yangu mwezi wa nane na majibu hayajafika. Asubuhi ya kuondoka, begi liko kwenye bajaji, nilipita Ngamiani kuaga. Mwiko wenye uzi mwekundu nilikuwa nao. Chuma cha vitumbua nilikiacha. Mama alikwisha kukipigia msumari wake, juu, mbali na vyuma vyake vingine.

"Akionekana anao mtoto yule," akaniuliza, "wali natia kiasi gani? Nilikuwa nakadiria tu."

"Kikombe kimoja cha wali, vikombe vitatu vya mchele uliolowekwa. Na tui lisizidi."

"Kimoja, vitatu," akasema. "Kimoja, vitatu." Akaendelea kugeuza vitumbua, midomo yake ikirudia hesabu ile, mpaka dereva wa bajaji aliponiita mara ya pili.